Faini kwa wanaokataa chanjo: nilichokiona kwenye daftari la kliniki

Wakuu, salaam. Mleta mada ameuliza kama serikali iwatoze faini watu wanaokataa chanjo, akatolea mfano Austria. Naona wengi mmeshajibu kwa hasira: hawa wanasema walipe kwa sababu wanahatarisha wengine, wale wanasema mwili ni wangu, serikali inanihusu nini. Mimi ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto, nina miaka kumi na sita kazini, mingi nimeimalizia kwenye zahanati za vijijini mkoani Tabora. Faini za afya nimeziona kwa macho. Si za Ulaya, ni za mtendaji wa kijiji. Na mimi nasema hapana, ingawa si kwa sababu hiyo ya mwili wangu.

Kwanza Austria, maana imeelezwa nusu. Ni kweli sheria ilipita, ikaanza Februari 2022, ikiwalazimu watu wazima wote kuchanjwa Korona, na faini yake ilifika hadi yuro 3,600. Lakini kutoza kulipangwa kuanze katikati ya Machi, na tarehe 9 Machi serikali yenyewe ikaisimamisha sheria. Juni wakatangaza kuifuta. Hakuna aliyetozwa hata senti. Waliotoza kweli ni Ugiriki, yuro 100 kwa mwezi kwa mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajachanja, wakaanza Januari 2022, Aprili wakaacha.

Anayetaka mfano wa faini kufanya kazi aende Italia. Mwaka 2017 walipitisha sheria ya chanjo kumi za lazima kwa watoto. Mzazi asiyetimiza faini yake ni yuro 100 hadi 500, na mtoto wa chini ya miaka sita hapokelewi chekechea. Chanjo ya surua ilikuwa asilimia 87 mwaka 2016, ikafika asilimia 94 mwaka 2019. Siwezi kuficha hilo eti kwa sababu linaniharibia hoja. Watu walisogea.

Lakini mzazi wa Italia akiamka asubuhi akaamua leo nampeleka mtoto, atachanjwa leo. Kwetu twende polepole hapo.

Chanjo ya surua na rubela inakuja kwenye kichupa cha dozi kumi. Ni unga, unauchanganya na maji yake, na ukishauchanganya una saa sita. Zikipita, kilichobaki unamwaga. Sasa mama amekuja peke yake na mtoto wa miezi tisa, ametembea tangu alfajiri. Nikifungua kichupa kwa ajili yake, dozi tisa zinamwagwa, na mwisho wa mwezi nitaulizwa zimekwenda wapi. Maelekezo ni kwamba ufungue hata kwa mtoto mmoja, lakini waliokaa kwenye zahanati ambayo haijui mzigo mwingine utakuja lini wanajua tulichokuwa tunafanya: "Mama, rudi Alhamisi, siku hiyo watoto wanakuwa wengi." Alhamisi anakuja, jokofu limeisha gesi tangu Jumanne, chanjo zimerudishwa kituo cha afya. Mara ya tatu haji. Kwenye daftari langu anaingia kwenye watoro.

Huyo ndiye mtakayemkamata na faini yenu. Karatasi haijui kutofautisha aliyekataa na aliyekata tamaa.

Kuna mwaka tulikaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii tukapitia watoto wote wa kata ambao hawakumaliza chanjo. Tukaenda nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Wengine walikuwa wamehamia porini kwenye mashamba ya tumbaku, msimu ukianza familia nzima inabeba masufuria inakwenda, na huko hakuna zahanati. Wengine kadi ilipotea au iliungua na nyumba, na mama anaogopa kuja bila kadi kwa sababu anajua nesi atamfokea. (Ndiyo, tunafoka. Mimi nimefoka. Baadhi ya watoro wa daftari lile niliwatengeneza mwenyewe.) Wengine baba yuko machungani na ng'ombe, na bila neno lake mama hatoki na mtoto. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa 15,000. Waliokataa hasa, wenye kusema chanjo siitaki na sababu yangu ni hii, hawakufika vidole vya mkono mmoja.

Sasa nije kwenye faini yenyewe.

Kijiji kimoja, jina naliacha, kilipitisha sheria ndogo kwamba atakayejifungulia nyumbani alipe shilingi 50,000. Nia ilikuwa njema, na nakiri kwamba sisi watumishi tuliishangilia. Tulichoka kuletewa wanawake wanaotoka damu tangu usiku. Basi wakaanza kuja na vichanga vyao wakisema, "Nesi, nilikuwa nakuja, nimejifungulia njiani." Kila mmoja njiani. Mwaka ule ile barabara ilizalisha watoto kuliko chumba changu cha kujifungulia. Waliokuja na uongo huo walikuwa na afadhali. Wengine hawakuja kabisa. Kichanga akiletwa kliniki lazima uulize kazaliwa wapi, ukiuliza ni faini, kwa hiyo usilete. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio ya kuzaliwa vikapotea hapo. Nilikuwa napokea mtoto wa miezi mitano hana hata kovu begani. Mtendaji kwake mambo yalikuwa mazuri, kitabu cha faini kilikuwa kimetulia, akaripoti kwamba kujifungulia nyumbani kumekwisha.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema faini "itawasukuma," namuuliza itawasukuma kuelekea wapi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu sana: anayekataa haumii peke yake. Mtoto wa chini ya miezi tisa hapewi chanjo ya surua kwenye ratiba yetu. Anategemea sisi wengine tuwe tumechanjwa, na surua inavyosambaa tunatakiwa tufike asilimia 95 ndipo isipate pa kupita. Nimempokea mtoto wa miezi saba, macho yamevimba, kifua kinapiga, kaambukizwa na watoto wa jirani ambao baba yao hakutaka. Siku ile ningeulizwa kuhusu faini ningesema viboko. Anayeona hasira za watu humu ni za bure hajawahi kuona surua.

Ila huyo baba nilikutana naye tena. Ilikuwa kampeni ya surua na rubela, Oktoba 2014, ile ya watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka kumi na tano. Ni mtu wa ng'ombe wengi, mpole, muumini wa kanisa moja dogo lisilotaka sindano wala vidonge. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wakamwita, wakamwambia kijiji kimeamua kila kaya itakayogoma italipa. Hakubishana. Akasema sawa, akauza mbuzi, akaja na hela, akaomba risiti. Mtendaji akamwandikia. Mzee yule akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akanigeukia mimi niliyekuwa pale na kisanduku changu cha chanjo: "Mwanangu, sasa tumemalizana, eti?"

Nilikosa jibu. Mpaka siku ile nilikuwa napita kwake kila nikienda mkoba, yaani kliniki ya kuwafuata watu vijijini, namsalimia shikamoo, napewa maziwa, tunazungumza, narudi tena mwezi unaofuata. Alikuwa bado anadaiwa mazungumzo. Baada ya risiti hakuwa anadaiwa kitu, alikuwa na karatasi yenye mhuri. Jirani yake asiye na mbuzi wa kuuza, ambaye hata hakugoma, alikuwa mashambani tu siku timu ilipopita, alisumbuliwa na mgambo wiki nzima.

Halafu wakuu, tusijifanye tumesahau ya Korona hapa kwetu. Januari 2021 kiongozi mkuu wa nchi, hayati Magufuli, alisimama Chato akasema chanjo hazifai, na Wizara isikimbilie. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, akatuita wote. Sisi watumishi tukageuka na upepo, ndiyo kazi. Lakini mkulima aliyesikiliza redio Januari na bado anakumbuka, mngemwandikia faini ya nini? Ya kumsikiliza Rais wake? Kenya mwezi Novemba mwaka huohuo Waziri wao wa Afya, Kagwe, alitangaza kuwa kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hatapata huduma za serikali ana kwa ana, Mahakama Kuu ikasimamisha. Uganda mwaka 2022 bungeni kulikuwa na pendekezo la faini ya shilingi milioni nne za kwao au jela miezi sita. Milioni nne kwa muuza ndizi! Hapo unajua kabisa jela ndiyo adhabu, faini ni mapambo.

Sisi Tanzania mwaka 2022 hatukutoza mtu. Tulibeba visanduku tukawafuata mnadani, mashambani, kwenye vilabu vya pombe mapema kabla hawajalewa. Wale wale mliokuwa mnawaita wagumu walikuwa wanakunja mikono ya shati huku wanaendelea kubishana bei ya mbuzi. Hakuna aliyewabadilisha imani. Sindano ilikuwa imefika walipo, basi.

Kuna jaribio lilifanyika Udaipur, India, la wachumi kina Banerjee na Duflo, matokeo yake yalichapishwa 2010. Vijiji ambako hawakufanya lolote, watoto waliomaliza chanjo walikuwa asilimia 6. Walikopeleka kambi ya chanjo ya uhakika, siku ileile kila mwezi bila kukosa, ikawa 18. Walikoongeza kilo moja ya dengu kila mama anapoleta mtoto, na seti ya sahani akimaliza, ikawa 39. Watu hupenda kusimulia dengu. Mimi naangalia ile kutoka 6 hadi 18, kwa sababu hapo mama hakupewa kitu chochote isipokuwa uhakika kwamba akija atakuta mtu na chanjo ipo.

Mkinibana sana nitakubali masharti mawili matatu. Mtumishi wa wodi ya watoto asiyetaka kuchanjwa apelekwe kitengo kingine. Shule idai kadi ya chanjo, na asiye nayo asirudishwe nyumbani, achanjwe palepale shuleni. Faini, kama ni lazima iwepo, ianzie juu: jokofu likikaa wiki mbili bila gesi, mwenye dhamana ya gesi alipe. Mkianza hapo mimi nitakuwa wa kwanza kuwapigia makofi.

Kuna mtu hapo juu ameuliza huwa inakuwaje kwa watoto wa wagomaji, basi nimalizie ya mzee wa mbuzi. Miezi kadhaa baada ya ile risiti, siku ya mnada, mke wake mdogo alikuja zahanati kwa mlango wa nyuma, mtoto mgongoni kafunikwa kanga. Aliuliza jambo moja: "Nesi, hii ya surua inaacha kovu?" Nikamwambia haiachi. Akamfungua mtoto. Kadi hakutaka, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari tu. Hatukufika hata dozi tano siku hiyo, nilifungua kichupa kwa ajili yake na kilichobaki nikamwaga. Alipokuwa anamfunga tena mgongoni akanigeukia.

"Na ile hela ya mbuzi, mtarudisha?"

Nikamwambia ile iko kwa mtendaji.