Maswali ya Wasomaji: Chupa ya Melini Hadi Mlangoni Mombasa

Vijana wengi wa Pwani siku hizi wanafanya kazi kwenye meli za kitalii, na familia kadhaa zimeanza kuzipanda kama abiria. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: pombe iliyonunuliwa melini bila ushuru inafikaje nyumbani bila balaa? Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Mwanangu anamaliza mkataba wake melini. Atashukia Miami, apande ndege hadi Dubai, kisha Mombasa. Ameambiwa na wenzake kwamba anaruhusiwa kubeba lita tano za ramu bila kulipa chochote. Ni kweli? — Mama wa baharia, Likoni

Mama, hizo lita tano zipo, ila si za forodha ya Kenya. Zinatoka kwenye sheria mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni sheria ya usalama wa ndege. Pombe yenye alkoholi zaidi ya asilimia 24 hadi 70 hairuhusiwi kuzidi lita 5 kwa abiria mmoja, nayo lazima iwe kwenye chupa zake za dukani ambazo hazijafunguliwa. Iliyozidi asilimia 70 haipandi ndege kabisa, si mkononi wala kwenye begi la chini. Asome lebo kabla ya kulipa, kwa sababu visiwa vya Karibi vina ramu kali sana. Wray & Nephew nyeupe ya Jamaika ina asilimia 63, hiyo inapita. Zipo nyingine zinazovuka 70, na hizo zitaishia uwanjani. Sheria hii inahusu moto tu. Haisemi lolote juu ya kodi.

Ya pili ni ya Wamarekani. Mkazi wa Marekani anayerudi kwao kutoka visiwa vyao vya Virgin hupewa nafasi kubwa kuliko lita moja ya kawaida, hadi lita 5. Wauzaji wa melini huitangaza kila siku kwa sababu wateja wao wengi ni Wamarekani. Mwanao si mkazi wa Marekani, kwa hiyo tangazo hilo halimhusu.

Kinachomhusu akifika Mombasa ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004: lita 1 ya pombe kali, AU lita 2 za divai, kwa msafiri aliyetimiza miaka 18. Ramu nyingine nne atazitangaza na kuzilipia.

Sasa njia yenyewe. Melini, chupa iliyonunuliwa dukani kwa kawaida haikabidhiwi papo hapo. Huwekwa na kutolewa siku ya mwisho ya safari. Chupa aliyoinunua nchi kavu huchukuliwa kwenye ukaguzi anapopanda, ikafungiwa kibandiko chenye jina lake. Akitunze kipande cha kibandiko pamoja na risiti. Yeye kama mfanyakazi awe mwangalifu zaidi, maana kampuni nyingi haziruhusu kabisa pombe kali chumbani mwa wafanyakazi. Mabaharia walio kazini wana kikomo cha kimataifa cha asilimia 0.05 ya alkoholi katika damu, na kampuni zinaweza kuweka kikomo cha chini zaidi. Chupa ikikutwa kitandani wiki moja kabla ya mkataba kuisha, inaweza kumfukuzisha kazi.

Uwanja wa ndege wa Miami ndipo chupa nyingi zinapopotea. Ukaguzi wa mizigo ya mkononi unaruhusu vimiminika visivyozidi mililita 100 kwa chombo. Kuna msamaha kwa pombe ya duka la uwanja wa ndege wa nchi nyingine, iliyofungwa kwenye ule mfuko maalumu unaoonyesha ukifunguliwa, risiti ikiwa ya ndani ya saa 48. Msamaha huo ni wa abiria walioingia Marekani kwa ndege. Chupa ya melini haiingii humo hata iwe imefungwa vizuri namna gani. Itiwe kwenye begi la chini kabla hajafika kaunta ya ndege, kwa sababu akishapita ukaguzi hakuna kurudi.

Kaunta hapo, atazame kile kikaratasi kirefu wanachokifunga kwenye mkono wa begi. Herufi tatu kubwa za kituo cha mwisho ziwe MBA. Zikiwa MBA, begi halimhusu Dubai. Zikiwa DXB, atalitoa Dubai na kupita nalo forodha ya pale, ambayo inaruhusu lita 4 kwa mtu mzima kwa matumizi yake binafsi, na baadaye alikabidhi upya. Hili hutokea hasa tiketi zikinunuliwa mbili mbali mbali. Tiketi kama hizo zikipitia Saudi Arabia au Kuwait, asibebe pombe hata tone. Kule kuiingiza nchini ni marufuku.

Ushauri wetu kwako Mama: mwambie achague ramu moja aipendayo, basi. Chupa ya glasi ya lita moja ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, kwa hiyo tano zitamla zaidi ya kilo saba za begi ambalo aghalabu ni la kilo 23. Tena akiwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Dubai hadi Mombasa, anaweza kuinunua pale uwanjani karibu na mlango wa kupandia. Hapo hakuna ukaguzi mwingine wa vimiminika mbele yake.

Tulishuka melini hapa hapa Kilindini mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 16. Tuna wiski lita moja, divai chupa mbili, Baileys moja na makopo sita ya bia. Tunadaiwa? — Msomaji, Nyali

Wewe beba wiski. Mkeo abebe divai: chupa mbili za mililita 750 ni lita moja na nusu, yuko ndani ya lita zake mbili. Hapo nyote wawili mmemaliza haki yenu. Neno katika sheria ni “au”, kwa hiyo mtu mmoja hapati wiski na divai pamoja.

Baileys inawachanganya wengi kwa sababu ina asilimia 17 tu na ladha ya maziwa. Ulaya ingehesabiwa katika kundi jepesi, maana wao wanagawa kwa asilimia 22. Kwetu likyua, yaani pombe tamu kama hii, inahesabiwa pamoja na pombe kali. Itangazeni. Bia haimo katika orodha ya pombe zinazosamehewa, basi nayo itangazeni. Kijana wenu hana fungu lolote la pombe, na begi lake lisikutwe na chupa.

Kila mtu awe na chupa zake katika begi lake. Msamaha hutolewa kwa kilichoko mikononi mwa msafiri mwenyewe, na chupa zote zikiwa kwenye sanduku moja afisa anamwona msafiri mmoja aliyezidisha. Jihadharini pia na ukubwa wa chupa. Zile kubwa zenye mkono za Marekani ni lita 1.75. Watu huibeba wakisema ni “chupa moja”, lakini forodha inapima lita.

Nikizidisha, hesabu inapigwaje? — Msomaji, Bamburi

Kodi ni tatu, na ya mwisho inapanda juu ya zilizotangulia. Kwanza ushuru wa forodha, ambao ni asilimia ya thamani ya bidhaa. Pili ushuru wa bidhaa (excise). Tatu VAT ya asilimia 16, inayotozwa kwenye jumla ya thamani na ushuru zote mbili. Kunaweza kuwa na ada nyingine ndogo za uingizaji, basi usishangae jumla ikizidi hesabu yako.

Ushuru wa bidhaa ndio watu hawauelewi. Tangu 27 Desemba 2024 unahesabiwa kwa alkoholi halisi iliyomo: shilingi 10 kwa kila sentilita kwa pombe kali, na shilingi 22.50 kwa divai na bia. Lita moja ya wiski ya asilimia 40 ina sentilita 40 za alkoholi, kwa hiyo ni shilingi 400. Divai ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina sentilita 9.75, sawa na shilingi 219 na senti. Wiski ya bei rahisi na ya bei ghali zenye nguvu sawa hulipa ushuru huu sawasawa. Zinatofautiana kwenye ushuru wa forodha na VAT, zinazofuata bei.

Ndiyo maana risiti ni muhimu. Bila risiti afisa atakadiria thamani mwenyewe, na huna cha kumwonyesha. Bili ya meli ya mwisho wa safari haitoshi ikiwa imeandika “duka” na jumla tu. Omba ile ndogo inayotaja kila chupa, bei na ujazo.

Utaratibu: jaza fomu F88, ile ya msafiri kutangaza bidhaa zake, kabla ya kufika kwa afisa, pita njia nyekundu ya wenye cha kutangaza, toa chupa na risiti. Lipa kwa namba iliyoandikwa kwenye hati ya malipo, usimpe mtu fedha mkononi, na udai risiti yake. Ukipita njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza, na chupa za ziada zikakutwa, hata kama ulikuwa tayari kulipa, bidhaa zinaweza kutaifishwa na faini ikafuata. Kutangaza ni kabla ya kuulizwa.

Chupa yangu ilifika imevuja, nguo zote zilinuka konyaki. Nilikosea wapi? — Msomaji, Mtwapa

Yaelekea ni kizibo, dada. Chupa nyingi za konyaki na wiski ghali zina kizibo cha gome kinachochomolewa kwa mkono. Begi linalazwa, linabanwa, hewa ya ndani ya chupa inabadilika shinikizo, na kizibo kinasogea kidogo. Kwa safari chagua kifuniko cha kuzungusha ukiweza.

Kama ni cha gome, zungusha utepe wa plastiki kutoka shingoni hadi juu ya kizibo mara tatu au nne, ukiuvuta. Vika chupa pampas moja ya mtoto, kubwa, sehemu ya kunyonya ikiwa upande wa shingo. Ikivuja itanyonywa humo. Juu yake funga leso au kikoi kizito. Iweke katikati ya begi, nguo nene pande zote, angalau unene wa vidole vinne kati ya glasi na ukuta wa begi. Chupa mbili zisigusane. Shingo ndiyo huvunjika kwanza, kwa hiyo ijazie soksi mpaka upana wake ulingane na tumbo la chupa. Ukifika nyumbani isimamishe wima. Pombe kali ikilala na kizibo cha gome kwa miezi, hukila.

Neno moja kuhusu mifuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na ule mfuko wa duka la uwanja wa ndege hausalimiki. Utatakiwa kuuacha hapo unapoingia. Uwe na kikapu au mfuko wa kitambaa tayari, usije ukatoka nje umekumbatia chupa.

Na manukato? — Msomaji, Mji wa Kale

Jumla nusu lita, na katika hiyo perfyumu yenyewe isizidi robo. Iliyobaki iwe maji ya marashi. Kwenye ndege, kila chombo kisizidi nusu lita.

Mimi ni kibarua bandarini. Baharia wa meli iliyotia nanga anataka kuniuzia wiski kwa bei ya chini sana. Na shemeji yangu mwenye baa anasema akiletewa chupa za aina hiyo atazipanga rafuni. Kuna ubaya? — Msomaji, Changamwe

Ndugu, usiiguse. Pombe iliyomo melini ikiwa bandarini ni akiba ya meli. Duka la melini hufungwa, na stoo ya pombe hutiwa lakiri ya forodha mpaka meli irudi bahari kuu. Chupa inayoshuka ngazi kwa mlango wa nyuma ni bidhaa ya magendo tangu hatua ya kwanza, na atakayesimamishwa getini ni wewe uliyeibeba. Baharia atakuwa ameshang'oa nanga, na wewe utapoteza kitambulisho cha kuingilia bandarini pamoja na riziki yako.

Shemeji naye, hata chupa zingekuwa zimeingia kihalali ndani ya fungu la msafiri, haruhusiwi kuziuza. Msamaha ni wa matumizi binafsi, na sheria inakataa waziwazi bidhaa za biashara. Tena chupa hizo hazina stempu ya ushuru ya KRA, Mamlaka ya Mapato Kenya. Kila chupa ya pombe kali au divai inayouzwa Kenya lazima iwe nayo, na mteja yeyote anaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Mkaguzi akiingia baa, huanza na rafu ya juu, huzungusha chupa moja moja na kutazama shingo. Isiyo na stempu huchukuliwa, na maswali yanayofuata ni juu ya leseni.