Viti vitatu kati ya saba: mwanamke kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji

Ugomvi wa mpaka wa shamba ukiachwa bila kusuluhishwa huishia kwenye mapanga. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, Tanzania, wakulima na wafugaji walipigana na watu 38 wakapoteza maisha. Mwanamke anayetaka kulinda amani kijijini kwake aanzie kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa sababu hapo ndipo magomvi hufika yakiwa bado madogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji inapendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha, na mjumbe anakaa miaka 3. Kwenye kupendekeza ndiko mambo yanakoharibika. Wanaume huanza kutajwatajwa mapema, ila majina ya wanawake hutafutwa siku ile ile ili nafasi zijae, na aghalabu huangukia mke au shemeji wa kiongozi. Mama wa namna hiyo atathubutu vipi kumpinga aliyemweka?

Kwa hiyo kikundi chenu, kiwe cha vikoba, cha kanisani au cha msikitini, kikae mwezi mmoja kabla na kichague majina matano. Matatu hayatoshi, maana kuna atakayeghairi na kuna atakayekatwa. Yaandikeni, mumpelekee mtendaji wa kijiji, na nakala yenu igongwe muhuri. Siku ya mkutano mkuu mjitokeze kwa wingi. Jina likiachwa, ulizeni palepale sababu yake, na jibu liingie kwenye muhtasari.

Mchagueni anayeijua ardhi: mama aliyelima bonde lile miaka mingi, anayekumbuka minyaa na mikonge ya mpaka ilipandwa na nani. Lakini kati ya hao watatu, walau mmoja awe anasoma na kuandika bila shida. Muhtasari ndio unaobaki. Katibu akiandika tu "wajumbe walikubaliana", hoja ya mama imefutika, na shauri likipanda ngazi za juu hakuna atakayejua kwamba ilitolewa. Ombeni usomwe kwa sauti kabla ya kutia sahihi.

Kuna kosa jingine linalowagharimu wajumbe wengi: kutoa hukumu. Kazi ya baraza hili ni kusikiliza na kupatanisha. Haliwezi kumlazimisha mtu. Msiandike "shamba ni la fulani". Andikeni kila upande umesema nini na wamekubaliana nini, kisha waweke sahihi au dole gumba. Wakishindwa kupatana, shauri liende Baraza la Kata likiwa na maandishi hayo.

Mashauri ya wajane yanahitaji moyo mgumu. Ndugu wa marehemu watakuja na neno "mila", tena kwa sauti ya juu. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili. Kiwe kimeandikwa kwenye daftari lako, ukisome polepole, bila kugombana. Halafu omba baraza zima likaone shamba. Nendeni asubuhi jua lisijapanda, mpime kwa kamba, muwaulize majirani wa pande zote, na msiwasahau wanawake wanaopalilia pale kila msimu. Wao ndio wanaojua mtaro ulihama mwaka gani, jambo ambalo mwenye shamba huenda hakulishuhudia.

Muda wa kikao nao ni wa kupigania. Kikao cha jioni kinawaacha wanawake jikoni, na cha asubuhi wakati wa palizi kinawaacha shambani. Saa nane mchana ina nafuu, ingawa kila kijiji kina ratiba yake. Baada ya shauri lenye hasira, mjumbe asirudi nyumbani peke yake.

Ikiwa mgogoro unamhusu ndugu yako, hata baba mdogo wa upande wa mume, sema mwanzoni na ujitoe. Kijijini karibu wote ni ndugu, na kwa hiyo ukinyamaza utaonekana umeficha.

Miezi sita kabla ya miaka 3 kwisha, anzeni kutafuta majina mapya. Anayeondoka amkabidhi anayeingia daftari lake, lenye mipaka iliyokaguliwa na makubaliano yaliyowekewa sahihi.