Suruali za Mabibo na soko la Marekani

Ndugu, umeuliza kwa nini suruali za wanaume na wavulana zinazoshonwa Mabibo, Dar es Salaam, hutegemea sana soko la Marekani ilhali pamba tunayo. Mpango wa AGOA, yaani sheria ya Marekani ya kuzipa nchi za Afrika nafuu ya kibiashara, ulioanza mwaka 2000, uliruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru hata kama kitambaa kilitoka China, hivyo viwanda vikajikita katika kukata na kushona. Ishike suruali moja ya jinzi uikague: kitambaa, zipu na vifungo mara nyingi vimeagizwa nje, chetu ni mshono, huku pamba ya Shinyanga ikisafirishwa kwa marobota kabla haijawa uzi. Hilo linaniuma, kwa sababu ushuru ukirudi, ajira za mafundi ndizo hutikisika kwanza.