Jibu: kusomea udaktari wa miguu ukitokea Tanga

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza kidato cha sita hapo Tanga unaweza kwenda moja kwa moja kusomea udaktari wa miguu Marekani. Moja kwa moja, hapana. Kule wanataka kwanza shahada yenye baiolojia, kemia na fizikia, kwa kawaida miaka 4, na mtihani wa MCAT, yaani mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Chuo chenyewe ni miaka 4 tena, miwili ya mwisho zaidi kliniki. Halafu rezidensi ya miaka 3 hospitalini: unapasua chini ya usimamizi, na unalipwa mshahara.

Hiyo rezidensi ndiyo ya kuangalia sana. Majimbo mengi hayakupi leseni bila hiyo. Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo wahitimu wake wangapi hupata nafasi, tena uulize habari ya viza, maana si kila hospitali hudhamini mgeni.

Uingereza ni shahada ya miaka 3, bila rezidensi ya namna hiyo. Karibu zaidi kuna Chuo Kikuu cha Johannesburg, miaka 4.

Wakati unasubiri matokeo, nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga uombe kujitolea kwa wagonjwa wa kisukari. Wazee wetu wanakatwa miguu kwa vidonda ambavyo vingi vingezuilika. Tunakuhitaji kweli.