Kampuni imetoka chuo, bodi nzima idara moja: ubunifu utatoka wapi?

Hii naandika kwa ajili ya vijana wa vyuo na maprofesa wao wanaotaka kugeuza utafiti uwe kampuni, maana nimekuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ya namna hiyo kwa muda sasa na kitu ninachokiona kikiua ubunifu sio mtaji peke yake kama watu wanavyolalamika kila siku. Ni bodi yenyewe. Mkienda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, kusajili mnajaza majina ya wakurugenzi haraka haraka, Prof aliyeanzisha, Prof mwenzake wa ofisi ya pili, Dokta aliyesimamiwa na huyo huyo Prof, halafu mtu mmoja wa utawala ili chuo kisinune. Wote wanaume, wote wamesoma kitu kimoja. Kikao kinaisha mapema, kila mtu amekubali, na mnajisifu kwamba mna umoja.

Sisi bidhaa yetu ni kikaushio cha dagaa cha kutumia jua. Kuna kikao karibu chote kiliishia kwenye ubishi wa sensa ipi ya unyevu, yaani kifaa cha kupima unyevu, ni bora, na mimi mwenyewe nilikuwa nafurahia ubishi, mpaka mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Mwanza, alikuwa ndio kwanza ameingia kwenye bodi, akauliza, "Jamani, mvua ikianza saa kumi jioni, hizi trei nazibeba na nani?" Kimya. Trei ikijaa dagaa wabichi mtu mmoja haibebi, na pale mwaloni, wanakoshusha samaki, wanaoanika wengi ni kina mama. Akaongeza kwamba mnunuzi hamuulizi mtu unyevu asilimia ngapi, anachota kiganja, anaangalia kama wanang'aa, anatupia wawili watatu mdomoni anatafuna asikie mchanga. Yaani sisi tulikuwa tunauza saa za kukauka wakati soko linanunua dagaa wasio na mchanga! Trei zikabadilishwa zikawa za wavu mwepesi, na badala ya kuuza mashine nzima tukaanza kuikodisha kwa siku. Sensa ya bei ghali hakuna aliyeikumbuka tena.

Sasa wengine wakisikia mchanganyiko kwenye bodi wanakimbilia kutafuta majina makubwa. Angalieni Theranos ya Marekani. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni hiyo ya kupima damu mwaka 2003 akaacha masomo Stanford, profesa wake Channing Robertson akawa kwenye bodi, baadaye wakaingia kina George Shultz na Henry Kissinger, mawaziri wa zamani wa mambo ya nje, na jenerali James Mattis. Heshima tupu. Ila wa kumbana ile mashine inapimaje damu walikuwa wachache mno, na Januari 2022 Holmes akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Linganisha na Genentech, kampuni ya dawa ya huko huko Marekani, ilianza 1976 kwa mwanasayansi wa chuo kikuu kule San Francisco, Herbert Boyer, kukaa meza moja na Robert Swanson aliyetoka kwenye mambo ya mitaji. 1982 insulini yao ikaruhusiwa kuuzwa. Mmoja anajua chembe za urithi, mwingine anajua pesa, na hakuna aliyekuwa mwanafunzi wa mwenzake.

Hapo kwenye mwanafunzi ndipo penye tatizo letu hasa. Kijana aliyegundua kitu anakaa akitazamana na msimamizi wake wa tasnifu, unategemea ampinge? Prof akishasema, imetoka hiyo. Kwetu tuliweka utaratibu kwamba mwenye cheo kikubwa anaongea mwisho, na makabrasha yanatumwa mapema, kwa Kiswahili, kikao nacho Kiswahili. Msidharau hili la lugha. Unamwalika mfanyabiashara aje awape akili halafu mnaongea Kiingereza cha semina saa tatu mfululizo, ataishia kutingisha kichwa na kusaini posho.

Na kina mama msiweke mmoja. Norway walipitisha sheria tangu 2003 kwamba bodi za kampuni kubwa za hisa ziwe na takriban asilimia 40 ya kila jinsia, ila vikampuni vya chuo kama vyetu hakuna wa kuvilazimisha, ni nyie wenyewe. Nimeshaona kwenye bodi nyingine mwanamke yuko peke yake, mhasibu mzuri kabisa, anaulizwa habari za jinsia na chai tu. Wakiwa wawili watatu hilo linapungua sana, mmoja akikatizwa mwenzake anamrudishia mazungumzo.

Gharama ipo, nisiwadanganye. Vikao virefu, ubishi mwingi, na kuna siku unatamani ile bodi ya zamani ya ndiyo ndiyo. Kama bado mko watatu na mashine moja ya majaribio, msijaze bodi, anzeni na kamati ndogo ya washauri.

Halafu ratiba. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, yaani usio na mbalamwezi, kwa hiyo giza likiingia yule mama hana muda na mtu. Vikao tukavihamishia siku za mbalamwezi, maprofesa wakanung'unika, na posho ya kikao ikawa sawa kwa wote, Prof na muuza dagaa. Hilo la posho ndilo lililobishaniwa kuliko yote.