Usinunue reki ya usukani kabla mtu hajalala chini ya gari

Mkuu, hiyo hela ya reki, kile chuma chenye meno kinachogeuza tairi za mbele ukizungusha usukani, irudishe mfukoni kwanza. Umesema Corolla 110 yako inagonga kwenye rasta, usukani unacheza, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Fundi kalizunguka gari, kasema "reki imekufa, leta pesa". Aliingia uvunguni? Hujaandika, kwa hiyo najua jibu.

Yangu ni 110 pia, nayo ilikuwa inagonga hivyohivyo. Fundi wangu alitamka reki akiwa bado amekaa kwenye benchi. Akaanza kwa "kuisaidia": akakaza ile nati inayobana reki. Mlio ukapungua, nikampa hadi ya soda. Kona ya kwanza, usukani ukagoma kurudi wenyewe, nauvuta kama ndoo ya kisimani. Basi tukanunua reki ya mtumba, muuzaji anaapa imeshuka kutoka Japani jana. Jana ya mwaka gani sijui, maana haikuchukua muda buti la reki, ule mpira unaofunika ncha yake, likajaa mafuta ya hidroliki.

Tena wakati wa kufungua reki ya zamani, fundi hakuufunga usukani usizunguke. Ukazunguka huru, ule utepe wa waya wa honi na eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ulioko nyuma yake ukakatika. Taa ya eabegi ikawaka, honi ikafa. Dar bila honi! Nilikuwa natoa kichwa dirishani nawapigia bodaboda kelele kama konda.

Na mlio? Upo vilevile. Kumbe ni kros jointi, kile kiungo cha kukunja cha shafti inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye reki, pale chini karibu na pedali. Yule bwana hawezi kutoa reki bila kuichomoa kwenye shafti hiyo. Kaishika kwa mikono yake, inacheza, na hakuona! Halafu anajiita mtaalamu wa Toyota.

Sasa fanya hivi. Gari likae chini kwa uzito wake, usipige jeki, maana ukilinyanyua viungo vingine vinanyamaza. Injini imezimwa, funguo imegeuzwa kidogo ili usukani usijifunge. Mmoja autikise kushoto kulia, kidogo kidogo, mwingine ashike kiungo kimoja kimoja: kros jointi, bushi za reki (raba zinazoishikilia), tairodi endi (kiungo cha fimbo ya reki pale kwenye tairi). Kibovu kitakugonga kwenye kiganja, hakijifichi. Kisha fungua buti za reki uchungulie. Ndani pakiwa pakavu, sili za ncha za reki, yaani mipira inayozuia mafuta, ni nzima, na anayekwambia hizo zinavuja anataka kula kwako.

Jeki ni baadaye: tairi ukiitikisa kulia kushoto unapima tairodi na reki endi (kiungo cha fimbo hiyo upande wa reki), juu chini ni boljointi (kiungo cha duara kinachobeba tairi) na beringi. Alaimenti, yaani kupanga tairi zielekee sawa, ni ya mwisho kabisa, kiungo kibovu kikishatoka, la sivyo unalipia mara mbili.

Vyote vikishashikwa na vikawa vizima, hapo ndiyo tuzungumze reki. Na siku ya kuifungua, usukani ufunge wewe mwenyewe kwa mkanda wa siti, usimwachie fundi. Leo jioni lala chini, upige picha ya hayo mabuti uweke hapa.