Nyuzinyuzi kwenye sahani yako: maswali na majibu

Maswali mengi safari hii yametoka kwa wenye kolesteroli na wanaotaka kupunguza uzito. Tumeyafupisha.

Kolesteroli mbaya imepanda na daktari kasema niongeze nyuzinyuzi. Nile kiasi gani, na nizipate wapi?

Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kikombe cha maharage yaliyoiva (mililita 240) kina gramu 12 hivi, nusu parachichi 6, pera moja 3, kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa 4. Hapo umeshafika, na ugali bado hatujauhesabu.

Ila kwa kolesteroli, angalia aina kabla ya jumla. Zinazosaidia zaidi ni zile zinazoyeyuka kwenye maji na kuleta utelezi: za maharage, kunde, bamia, oti. Utelezi huo hunasa nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni, kisha ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Pumba za ngano hazifanyi hivyo. Kazi yake kubwa ni kulainisha choo. Oti kavu gramu 80 kwa siku, zikipikwa uji bila sukari nyingi, zinatosha kushusha kolesteroli mbaya kwa kama asilimia 5. Si nyingi, kwa hiyo kama umeandikiwa dawa, usiiache.

Tumehamia dona, lakini unga unakuwa mchungu na watoto wanaukataa. Turudi kwenye sembe?

Hapana, mama, badilisha namna ya kununua. Mahindi yakikobolewa yanapoteza ganda na kiini, na nyuzinyuzi nyingi ziko humo. Kiini hicho hicho ndicho chenye mafuta, na mafuta yakishasagwa yakakutana na hewa na joto, huharibika. Uchungu unatoka hapo. Saga unga wa wiki mbili tu, uache upoe kabisa kabla ya kuufunga, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na jiko.

Kwa watoto, anza na kikombe kimoja cha dona kwa vitatu vya sembe, uongeze kila wiki. Dona inakunywa maji zaidi na inataka muda zaidi motoni. Ukiipika kwa haraka kama sembe, inakwaruza mdomoni, na wengi wanaosema hawaipendi wamekula iliyopikwa vibaya.

Jambo moja si la kupuuza: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Kukoboa huondoa sehemu yake, kwa hiyo anayesaga dona hana budi kuwa mkali kwenye kuchambua. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu, tupa. Usiwape kuku wala ng'ombe.

Maharage yananijaza gesi hadi naona aibu.

Yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua. Loweka usiku kucha, mwaga maji, suuza, bandika na maji mapya. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, hasa mekundu, kwani yakiwa nusu mbichi yana sumu inayotapisha. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaongeza sodiamu, na mwenye presha hana haja nayo. Kisha kula vijiko vinne tu kwa siku wiki ya kwanza. Anayeruka kutoka sifuri hadi sahani nzima atateseka hata akiloweka siku mbili. Ongeza na maji ya kunywa, la sivyo choo kitakuwa kigumu kuliko mwanzo.

Juisi ya matunda inahesabika?

Ikichujwa, karibu hakuna kitu. Kula tunda lenyewe.

Usiku nakula kabichi peke yake nipungue, na sipungui.

Kabichi ni maji mengi: gramu 100 zina nyuzinyuzi gramu 2 na ushei, na protini kidogo sana. Saa tano usiku njaa inarudi, unatafuta mkate. Halafu tazama sufuria. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori 120. Vitatu ni 360, na kabichi inavifyonza bila kuonekana. Nyuzinyuzi hazichomi mafuta ya mwili. Zinajaza tumbo na kuchelewesha chakula kutoka humo, basi. Weka nusu sahani mboga zilizokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, robo kunde au maharage (yasiyo na tui zito), robo ugali wa dona. Anza na mboga na kunde, ugali ufuate.

Nimeletewa isabgoli (maganda ya mbegu za psyllium) kutoka Oman. Natumia dawa ya tezi ya shingo (thyroid), je, kuna shida?

Inafaa, ni nyuzinyuzi za utelezi, ila inaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Acha muda wa saa 2 kati yake na dawa nyingine, na kwa ya tezi ni salama zaidi kuacha saa 4. Koroga kijiko cha chai kwenye glasi iliyojaa maji, unywe papo hapo kabla haijavimba. Usiilambe kavu hata siku moja, inaweza kukwama kooni. Mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo asiitumie, na anayeona damu chooni aende hospitali kwanza.